Nikolai Anichkov: Daktari aliyelifikisha yai kizimbani bila kukusudia

UKIKAA kwenye kibanda cha chipsi wakati wa jioni, katika mji wowote mkubwa wa nchi yetu, hutakosa kumwona mtu mzima akimenya yai la kuchemsha, akala ute mweupe na kukiacha kiini pembeni ya sahani. Ukimuuliza sababu atakujibu kwamba kiini kina lehemu, na lehemu huziba mishipa ya moyo. Ukiendelea kumdadisi ni nani aliyemweleza hayo, atataja daktari, jirani, au kipindi cha redio alichokisikia zamani.

Hofu hiyo haikuanzia kwenye zahanati za kwetu. Chimbuko lake ni maabara za mji wa St Petersburg, Urusi, zaidi ya miaka 110 iliyopita, na wa kwanza kuugua kwa sababu ya kiini cha yai hakuwa binadamu, bali sungura.

Mtu aliyeifanya habari hiyo ya sungura kuwa sayansi anaitwa Nikolai Nikolaevich Anichkov. Jina lake halitajwi vijiweni, lakini wanafunzi wa udaktari wa nchi nyingi hukutana nalo pale wanapojifunza maradhi ya moyo. Makala haya yanaeleza maisha yake, na jinsi kazi yake ilivyobebeshwa maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyasema.

Anichkov alizaliwa Novemba 3, 1885 huko huko St Petersburg, wakati huo ukiwa makao makuu ya ufalme wa Urusi. Familia yake ilikuwa ya watu wenye nafasi. Baba yake alipanda ngazi serikalini hadi akawa naibu waziri wa elimu, na babu yake mzaa mama alikuwa padri wa Kanisa la Kiorthodoksi aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Warusi jijini Paris. Kijana wa namna hiyo angeweza kuchagua ofisi yoyote yenye zulia. Yeye mwaka 1903 aliingia Chuo cha Kifalme cha Tiba cha Jeshi, na mwaka 1909 akahitimu udaktari.

Fani aliyoichagua ni patholojia, yaani taaluma ya kuchunguza mabadiliko ambayo maradhi huyaleta katika viungo vya mwili. Ni kazi ya chumba cha maiti na darubini, isiyo na wagonjwa wa kumshukuru daktari. Mwaka 1912 alitetea tasnifu yake ya udaktari iliyohusu uvimbe katika msuli wa moyo, na ndani yake alieleza aina ya seli ambazo kiini chake, kikitazamwa kwa darubini, hufanana na kiwavi. Seli hizo mpaka leo huitwa kwa jina lake. Kwa mtafiti kijana, hayo peke yake yangetosha kumwachia kumbukumbu vitabuni.

Lakini jambo lililomfanya akumbukwe zaidi lilikuwa likiendelea pembeni, katika vizimba vya sungura.

Ili kulielewa ni lazima kurudi nyuma kidogo. Katika miaka hiyo Urusi nzima ilikuwa ikijivunia mwanasayansi Ilya Mechnikov, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Mechnikov aliamini kwamba uzee huletwa na sumu zinazozalishwa ndani ya mwili, hasa matumboni. Katika hali hiyo ya mawazo, daktari mmoja wa St Petersburg aliyeitwa Alexander Ignatowski alihisi kwamba protini ya wanyama ndiyo inayowazeesha watu na kuikausha mishipa yao. Mwaka 1908 aliwalisha sungura nyama, maziwa na mayai.

Msomaji atakumbuka kwamba sungura ni mla majani. Kumpa nyama na mayai ni kama kumimina mafuta ya taa kwenye gari la petroli. Hata hivyo, Ignatowski alipowapasua sungura wake alikuta jambo la kushangaza. Ukuta wa ndani wa mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo ulikuwa na mabaka ya manjano yaliyovimba, yanayofanana sana na yale yanayoonekana kwa wazee waliokufa kwa maradhi ya moyo. Akahitimisha kwamba mkosaji amepatikana, naye ni protini.

Mwenzake mmoja, Stuckey, hakuridhika. Alivitenganisha vyakula hivyo na kuwapa sungura kimoja kimoja. Waliopewa majimaji ya nyama hawakupata mabaka. Waliopewa ute mweupe wa yai nao hawakupata, ingawa ute ni protini tupu. Waliopewa kiini ndio waliougua, na vivyo hivyo waliolishwa ubongo wa wanyama. Kwa hiyo protini ikaachiwa huru, na kiini kikabaki kizimbani peke yake. Wale wanaomenya yai na kutupa kiini leo hii wanarudia, bila kujua, hukumu ya Stuckey.

Swali likawa: ndani ya kiini kuna nini? Hapo ndipo alipoingia Anichkov, akisaidiwa na kijana mwingine, Semen Chalatov. Kiini cha yai na ubongo havifanani kwa sura wala kwa ladha, lakini vyote viwili vina lehemu kwa wingi. Lehemu haikuwa kitu kigeni. Mkemia wa Kifaransa Michel Chevreul aliipa jina la kitaalamu mapema katika karne ya 19, baada ya kuichunguza katika vijiwe vya nyongo. Tena mwaka 1910 mkemia wa Kijerumani, Adolf Windaus, alikuwa ameonyesha kwamba mishipa ya binadamu iliyougua ina lehemu zaidi ya mara 20 ya ile iliyo katika mishipa yenye afya.

Anichkov na Chalatov walifanya jaribio ambalo kwa macho ya leo ni jepesi kabisa. Walichukua lehemu safi, wakaiyeyusha katika mafuta ya alizeti na kuwalisha sungura. Kundi la pili la sungura lilipewa mafuta hayo hayo ya alizeti bila lehemu. Kundi la kwanza liliugua mishipa. Kundi la pili halikuugua. Matokeo hayo yalichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1913.

Uzito wa jaribio hilo haukuwa katika chakula, ingawa ndivyo wengi walivyolisoma baadaye. Tangu zamani madaktari waliamini kwamba kukakamaa kwa mishipa ni sehemu ya uzee, kama mvi na makunyanzi, jambo lisilozuilika wala kutibika. Anichkov aliuleta ugonjwa wa wazee katika mwili wa mnyama kijana kwa muda wa miezi michache tu, kwa kutumia kitu kimoja kinachojulikana. Kama ugonjwa una chanzo, basi si lazima uje na miaka. Hilo ndilo alilolibadilisha.

Aidha, hakuishia kuona mabaka kwa macho. Kwa miaka mingi alifuatilia hatua kwa hatua jinsi yanavyojengeka. Aliona kwamba mafuta hujipenyeza kutoka kwenye damu na kuingia ukutani mwa mshipa, kwamba seli za ulinzi za mwili huja kuyameza na kuvimba mpaka zikaonekana kama povu, na kwamba mabaka hupenda kuanzia mahali mishipa inapogawanyika. Aliona pia kwamba sungura aliyerudishwa kwenye majani, baada ya muda mrefu, mafuta hupungua katika mabaka yake. Mengi ya hayo yangali yanafundishwa vyuoni kwa maelezo yasiyotofautiana sana na ya kwake.

Kipindi hicho hicho alikwenda Ujerumani, katika mji wa Freiburg, kufanya kazi chini ya Ludwig Aschoff, mmoja wa mabingwa wakubwa wa patholojia duniani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 Urusi na Ujerumani zikawa maadui, na Anichkov akajikuta akitumikia kama daktari katika treni ya kubebea majeruhi. Ikaja mapinduzi ya 1917. Ufalme uliomlea baba yake ukaanguka, na watu wengi wa tabaka lake wakakimbilia nje. Yeye alibaki.

Kuanzia mwaka 1920 aliongoza idara katika Taasisi ya Tiba ya Majaribio, taasisi ile ile alikofanyia kazi Ivan Pavlov, maarufu kwa majaribio ya mbwa na mate, na pia akafundisha katika chuo cha jeshi alichosomea. Mji wake ulibadilishwa jina mara mbili, ukawa Petrograd mwaka 1914 na Leningrad mwaka 1924, lakini yeye aliendelea na sungura wake.

Nje ya Urusi kazi yake haikupokewa kwa shangwe. Watafiti waliojaribu kuirudia kwa panya na mbwa hawakuona kitu. Panya alikula lehemu na mishipa yake ikabaki safi, na mbwa hali kadhalika. Wengi wakahitimisha kwamba Mrusi huyo amegundua ugonjwa wa sungura. Leo inajulikana kwamba panya na mbwa wana uwezo mkubwa wa kuigeuza lehemu kuwa nyongo na kuitoa, kwa hiyo haipandi kwenye damu yao kirahisi. Mwaka 1946 watafiti wa Marekani walipodhoofisha tezi za shingo za mbwa kwa dawa, kisha wakawalisha lehemu, mishipa ya mbwa hao nayo iliugua. Lakini hilo lilikuja miaka 33 baada ya kuchapishwa kwa matokeo ya sungura.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mwandishi wa makala haya analiona kuwa kiini cha habari yote, kama msomaji atasamehe neno hilo. Mwaka 1933 kilichapishwa Marekani kitabu kikubwa kuhusu kukakamaa kwa mishipa, na Anichkov alialikwa kuandika sura moja. Ndiyo iliyowafikishia wasomaji wa Kiingereza kazi yake kwa mapana. Humo alieleza waziwazi kwamba hali ya binadamu si sawa na ya sungura wa maabara. Kiasi cha lehemu walicholishwa sungura hakilingani na kile mtu anachokula katika mlo wa kawaida. Kwa maoni yake, tatizo la binadamu huenda linatokana kwanza na hitilafu katika jinsi mwili wenyewe unavyoishughulikia lehemu, na hitilafu hiyo inaweza kuwapo hata pale chakula kisipokuwa na lehemu nyingi.

Kwa maneno mengine, aliyeanzisha kesi alikuwa ameshasema kwamba mshitakiwa wake ni lehemu iliyo ndani ya damu, na kwamba njia inayoifikisha humo ni suala jingine. Daima alisisitiza pia kwamba lehemu haifanyi kazi peke yake, bali hushirikiana na shinikizo la damu na hali ya ukuta wa mshipa. Tahadhari hiyo iliandikwa miaka 35 kabla ya watu kuanza kuhesabiwa mayai.

Nchini mwake heshima zilimiminika. Mwaka 1939 aliingizwa katika Akademia ya Sayansi ya Urusi ya Kisovieti, jeshini akapewa cheo cha luteni jenerali wa huduma za tiba, na mwaka 1946 akawa rais wa Akademia ya Sayansi za Tiba. Mtoto wa naibu waziri wa mfalme sasa alikuwa msimamizi mkuu wa utafiti wa tiba chini ya Joseph Stalin.

Haikuwa kazi ya kulala usingizi. Januari 1953 magazeti ya Moscow yalitangaza kwamba kundi la madaktari, wengi wao Wayahudi na baadhi yao wakiwa waganga wa viongozi wa Kremlin, walikuwa wamepanga kuwaua wakubwa kwa kuwatibu vibaya. Mabingwa waliokuwa wakiheshimiwa walitiwa mbaroni. Wiki chache baadaye, Machi 5, Stalin mwenyewe alifariki dunia, na mwili wake ukapelekwa kupasuliwa. Miongoni mwa waliotia saini ripoti ya uchunguzi huo alikuwa rais wa Akademia ya Sayansi za Tiba, Nikolai Anichkov.

Ripoti ilisema kifo kilitokana na kuvuja kwa damu katika upande wa kushoto wa ubongo, kulikosababishwa na shinikizo la damu pamoja na kukakamaa kwa mishipa. Si vigumu kumfikiria mzee huyo wa miaka 67 akiyasoma maneno hayo. Miaka 40 kamili ilikuwa imepita tangu achapishe habari za sungura, na sasa ugonjwa ule ule ulikuwa umemwangusha mtu aliyeogopwa kuliko wote nchini. Mwezi uliofuata madaktari waliokamatwa waliachiwa na tuhuma dhidi yao kutangazwa kuwa za uongo. Mwaka huo huo Anichkov aliacha urais wa akademia.

Wakati huo upepo ulikuwa umeshageuka upande wa pili wa dunia. Mwaka 1950 John Gofman wa Chuo Kikuu cha California alitumia mashine ya kuzungusha damu kwa kasi kubwa na kuonyesha kwamba lehemu husafiri ndani ya damu ikiwa imebebwa na chembe za mafuta na protini za aina mbalimbali, na kwamba baadhi ya chembe hizo huandamana na maradhi ya moyo. Naye alianza na sungura. Mwaka 1958 daktari wa Marekani, William Dock, aliandika kwamba kazi ya Anichkov inastahili kuwekwa pamoja na ile ya William Harvey, aliyegundua mzunguko wa damu. Katika siku za uhasama mkali baina ya Marekani na Urusi, sifa kama hiyo haikuwa ndogo.

Tuzo ya Nobel hakuipata kamwe. Windaus aliipata mwaka 1928 kwa utafiti wa kemia ya jamii ya lehemu, na Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein waliipata mwaka 1985 kwa kugundua jinsi mwili unavyoiondoa lehemu kwenye damu. Ugunduzi huo wa mwisho ulionyesha kwamba wapo watu wanaozaliwa na kasoro katika kazi hiyo, nao huweza kupata shambulio la moyo wakiwa wadogo, wale mayai au wasile. Ile hitilafu ya ndani ya mwili aliyoihisi Anichkov mwaka 1933 ilikuwa imepatikana.

Anichkov alifariki dunia Leningrad Desemba 7, 1964 akiwa na umri wa miaka 79.

Miaka minne baadaye, mwaka 1968, Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri ulioenea duniani kote. Mtu asizidishe miligramu 300 za lehemu kwa siku, na asile viini vya mayai zaidi ya vitatu kwa wiki. Yai moja kubwa lina takriban miligramu 186 za lehemu, zote zikiwa ndani ya kiini, kwa hiyo mayai mawili tu yanavuka kiwango. Ulikuwa ushauri wenye nia njema, nao ulikuja wakati maradhi ya moyo yakiua Wamarekani kwa wingi wa kutisha. Ajabu ni kwamba hata Ancel Keys, mtafiti ambaye wengi humtaja kama adui wa mafuta, alikuwa ameshaonyesha kwamba lehemu iliyomo katika chakula huipandisha ile ya kwenye damu kwa kiasi kidogo kuliko yanavyofanya mafuta yanayoganda, kama yale ya siagi na nyama iliyonona.

Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya lehemu ya mwili hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini lina nafasi kubwa katika kazi hiyo. Kwa watu wengi, wakila lehemu nyingi ini hupunguza utengenezaji na utumbo hufyonza kidogo. Mwaka 1991 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha habari za mzee wa miaka 88 aliyekuwa akila mayai 25 kila siku kwa miaka mingi, huku lehemu katika damu yake ikiwa ya kawaida. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwili wake ulikuwa ukifyonza sehemu ndogo tu na kuigeuza lehemu kuwa nyongo kwa wingi. Huyu bwana alikuwa na tumbo la binadamu lakini hesabu za panya. Hakuna anayeshauriwa kumuiga.

Ushahidi mwingine ulitoka jirani na sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alifika Tanganyika kuwapima Wamasai, watu wanaoishi kwa maziwa, nyama na damu. Kwa mujibu wa matokeo aliyoyachapisha mwaka 1964, lehemu katika damu yao ilikuwa ndogo na dalili za maradhi ya moyo zilikuwa adimu. Hata hivyo, mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa maiti za wanaume 50 wa Kimasai, na humo mabaka yalikuwapo ya kutosha. Kilichowaokoa, kwa maoni ya watafiti hao, ni kwamba mishipa yao ilikuwa mipana, pengine kwa sababu ya kutembea maisha yao yote. Wanaoitumia habari ya Wamasai kuhalalisha minofu iliyonona husoma ripoti ya kwanza na kuiacha ya pili.

Kuhusu yai lenyewe, tafiti kubwa zimevutana. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu karibu 118,000. Waliokula hadi yai moja kwa siku hawakuugua moyo kuliko wengine, isipokuwa kulikuwa na dalili ya hatari kwa wenye kisukari. Mwaka 2015 mwongozo wa chakula wa Marekani uliondoa kile kikomo cha miligramu 300. Watu wakashangilia. Mwaka 2019 utafiti mwingine wa Marekani, wa watu zaidi ya 29,000, ukaonyesha kwamba kila nusu yai la ziada kwa siku liliandamana na ongezeko la asilimia 6 la maradhi ya moyo na mishipa. Mwaka 2020 Harvard wakarudi na hesabu mpya na kusema hapana, yai moja kwa siku halina uhusiano huo.

Msomaji asiwalaumu wanasayansi kwa kigeugeu hicho. Tafiti za aina hiyo huwauliza watu wanakula nini, kisha huwangoja waugue. Mtu anayekula mayai mengi Marekani mara nyingi huyala pamoja na nyama ya nguruwe iliyokaangwa, siagi na mkate mweupe. Hapa kwetu yai huenda likazamishwa ndani ya chipsi, katika mafuta ambayo yamechemka tangu asubuhi. Kulitenga yai na wenzake wa sahani moja ni kazi aliyoweza kuifanya Stuckey kwa sungura waliofungiwa, lakini haiwezekani kwa urahisi kwa binadamu aliye huru.

Ushauri wa Chama cha Moyo cha Marekani wa mwishoni mwa mwaka 2019 unasema mtu mwenye afya anaweza kula yai zima moja kwa siku, na wazee wenye lehemu ya kawaida wanaweza kufika mawili. Wenye kisukari, na wale ambao damu yao tayari ina lehemu nyingi, wanatakiwa kuwa waangalifu na kuzungumza na daktari wao. Baadhi ya watu lehemu yao hupanda zaidi ya wengine wakila mayai, na njia ya kuwajua ni kuwapima damu. Kwa wengine wote, kiini kinachoachwa pembeni ya sahani ndicho chenye sehemu kubwa ya vitamini za yai zima, pamoja na gramu karibu 5 za mafuta, ambazo chini ya mbili ndizo zile zinazoganda.

Hivyo basi, yule mla ute wa kibandani hajakosea kuiogopa lehemu iliyo kwenye damu. Katika hilo Anichkov alikuwa sahihi, na ushahidi umeongezeka tangu afariki. Uthibitisho mkubwa ulitokana na dawa. Mwaka 1973 Mjapani Akira Endo alipata katika ukungu kemikali inayozuia mwili kutengeneza lehemu. Alipowapa panya, haikupunguza kitu. Kwa mara nyingine panya alikuwa amewapoteza watafiti njia, na kazi hiyo ilikuwa karibu kuachwa.

Ndipo mwanzoni mwa mwaka 1976 Endo na mwenzake walipofikiria kuijaribu kwa kuku wa mayai. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mnyama anayetaga mayai yaliyojaa lehemu bila shaka huitengeneza kwa wingi. Waliichanganya katika chakula cha kuku hao, na lehemu katika damu yao ikashuka kwa kiasi cha hadi nusu. Kutokana na kundi hilo la kemikali zilipatikana dawa ambazo mamilioni ya wagonjwa wa moyo humeza kila usiku. Kuku wale hawakupungua uzito, hawakupunguza kula, na waliendelea kutaga kama kawaida.